Mgeni Aliyeko Ng'ambo: Somo Juu ya Jamaa na Lugha



Katika somo letu la mwezi huu twataka kutazama jambo ambalo wengi wetu hulipita kila siku bila kusimama, yaani hali ya jamaa ya kigeni inayokuja kukaa kati yetu na kujifunza lugha yetu. Tulikusudia kuanza na Maandiko mara moja, kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, lakini tumeona afadhali tuanze na jina la mahali tunapokaa.

Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Mvuvi akivuka hori hufika ng'ambo. Zamani Mji Mkongwe ulikuwa karibu kuwa kisiwa, kwa kuwa mkono wa bahari ulipita nyuma yake kutoka Funguni ukaja kuelekea Mnazi Mmoja, na wale waliokaa katika nyumba za mawe ndio waliotupa sisi jina: watu wa upande wa pili. Daraja lilikuwapo, ndiyo sababu soko laitwa Darajani hata leo, ijapokuwa maji yamekwisha kufukiwa na magari yapita pale palipokuwa na mitumbwi. Miembeni, Kisiwandui, Kikwajuni, Mlandege, Mwembetanga, Rahaleo, Kwahani, yote hiyo ni Ng'ambo. Na neno hilo hilo twalitumia kwa safari ya mbali: kijana akienda Ulaya au Marekani twasema amekwenda ng'ambo. Basi sisi tunaokaa hapa twapaswa kuyajua haya kuliko wengine, maana tumeitwa kwa jina la ugenini tukiwa nyumbani kwetu. Wazee walioijenga mitaa hii walikuwa wa makabila mengi, Wanyamwezi, Wamanyema, Wazaramo, Wayao, Wangazija, na wengi miongoni mwa watu wa Bara walikuwa wameletwa kwa nguvu kama watumwa. Kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake, akajifunza hii.

Sasa Maandiko. Katika kitabu cha Danieli, sura ya kwanza, vijana wa Yuda wapelekwa Babeli na kufundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo kwa miaka mitatu. Miaka mitatu, wala si miezi mitatu. Katika Nehemia 13:23-24 twasoma habari za watoto ambao nusu yao walisema lugha ya Ashdodi, wala hawakuweza kusema lugha ya Wayahudi, na Nehemia akakasirika sana kwa ajili yao. Na katika Matendo, kuanzia 21:37, Mtakatifu Paulo asema Kiyunani na jemadari, kisha awageukia watu na kusema nao kwa lugha yao wenyewe, nao wanyamaza wamsikilize. Twawaomba mzisome sehemu hizi tatu nyumbani kabla ya kuendelea, kwa sababu hatutazirudia kwa urefu.

Yatupasa kwanza kuondoa wazo moja. Wengine hudhani kwamba Kiswahili ni mali ya kanisa letu tangu mwanzo, na mgeni ndiye ajaye kukiomba mlangoni petu. Sivyo ilivyokuwa. Askofu William Tozer na Dokta Edward Steere walishuka Unguja tarehe 31 Agosti 1864. Misheni ilikuwa imepata hasara kubwa ya watu katika nchi ya mto Shire, na Askofu Mackenzie alikuwa amefariki huko mwaka 1862. Wakapata nyumba Shangani, na haukupita muda mrefu Sultani Majid akawapa watoto watano wa kiume waliotolewa katika utumwa. Mwaka uliofuata akaja Helen Tozer, dada wa Askofu, akawatunza wasichana. Fikirini nyumba ile: Waingereza wachache, watoto wa Bara walionyang'anywa makwao, na chakula, kufua, kuugua na kusali, yote yafanyike kwa lugha ambayo kila mtu mle ndani alikuwa akijifunza. Mmoja wa watoto wale watano, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Hivyo lugha ambayo leo twaiona kuwa ya ibada yetu ilipokelewa na wazazi wetu wa imani kwa kazi ya kujifunza, sawasawa na mgeni ajifunzavyo leo.

Tena waliowafundisha hawakuwa Wakristo. Dokta Steere alisaidiwa na Hamisi wa Kayi, kijana Mswahili mwenye akili nyingi, na Sheikh Abdul Aziz, mwanachuoni mkubwa wa mji, alijitolea kumfasiria Zaburi katika Kiswahili bora kabisa. Kazi ile haikupita Zaburi ya kumi na sita. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi, na zaidi ya hayo Kiswahili chake kilikuwa cha kitaalamu mno, hakikufaa kwa watu wa kawaida ambao Steere alitaka wasikie. Twalipenda sana jambo hili. Mgeni amepata mwalimu bora mjini, naye aona kwamba lugha aitafutayo yapatikana pia kwa watoto wanaopanga herufi katika mtambo wa kuchapa. Maana vijana wa Misheni ndio waliofundishwa kazi ya kuchapa, na vitabu vilitoka mikononi mwao. Kitabu chake kikubwa cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, na mwaka huo huo kikatoka kitabu cha hadithi alizosimuliwa hapa Unguja. Lakini hakuziacha lugha ambazo wale waliofunguliwa walikuja nazo: mwaka 1867 alichapisha maneno ya Kishambaa, na mwaka 1871 ya Kiyao. Alijua kwamba mtoto wa Kiungani alikuwa na lugha nyingine chini ya ulimi wake.

Kabla yao alikuwapo Ludwig Krapf, aliyefika Unguja Januari 1844 pamoja na mkewe Rosine, akapokewa na Sayyid Said, kisha wakaenda kukaa Mombasa. Tarehe 8 Juni 1844 akaanza kufasiri kitabu cha Mwanzo. Tarehe 13 Julai mkewe akafariki kwa homa baada ya kujifungua, na mtoto mchanga akamfuata siku chache baadaye. Huwa twasema kwa wepesi kwamba fulani alikuja kujifunza lugha, lakini gharama yake hulipwa na jamaa nzima. Kiswahili cha Krapf kilikuwa cha Mvita na cha Steere cha Unguja, na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha ya skuli na vitabu, ndugu zetu wa Mombasa hawakufurahi, na wengine hawajafurahi hata sasa.

Twende sasa upande mwingine, kwa mtu wa kwetu aliyekwenda ng'ambo. Twamtaja kwa heshima, bila kufufua ugomvi wa zamani, maana habari zake zinagusa watu wa dini zote mbili. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, hapa kisiwani. Katika nyumba ile, kwa habari zake mwenyewe, zilisikika lugha nyingi, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi, Kiswahili na nyinginezo, ijapokuwa mbele ya baba yao iliwapasa kusema Kiarabu. Wasichana walifundishwa kusoma tu. Kuandika alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwanamke aliyejifunza kuandika kwa njia hiyo hatuna budi kumhesabu kuwa mwanafunzi hodari.

Mwaka 1866 aliondoka Unguja akaenda Aden kwa sababu ya kupendana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, jirani yake mjini. Huko Aden, mwaka 1867, akabatizwa katika kanisa la Kiingereza kwa jina la Emily, wakaoana. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa Aden, alifariki safarini kwenda Ulaya. Wakafika Hamburg. Kila kitu kilikuwa kigeni kwake: baridi, chakula, mavazi, milango inayofungwa mchana kutwa, watu wanaokuja kumtazama kama kitu cha maonyesho. Mumewe alijua Kiswahili, nao walizungumza Kiswahili nyumbani. Wengi wetu tungeiita hiyo bahati njema, na kweli ilikuwa faraja. Lakini tazameni yaliyofuata. Agosti 1870 Ruete aliumia katika ajali ya tramu ya farasi, akafariki. Salme akabaki na watoto watatu, mkubwa bado mdogo na wa mwisho mchanga, katika mji ambamo mtu aliyeweza kusema naye lugha yake amekwisha kufa.

Hapo ndipo Kijerumani kilipokuwa jambo la chakula cha watoto. Mjane katika mji ule hakuachiwa kusimamia mali na watoto peke yake, waliwekwa wanaume wa kumwangalia, na kila jambo lilikuwa na karatasi yake. Asiyejua lugha hutia sahihi asichokijua. Salme alijifunza. Alijifunza kusema, kusoma na kuandika kwa herufi zinazokwenda kinyume cha zile alizonakili juu ya mfupa, akahamahama mji hadi mji, akawa akifundisha Kiarabu apate fedha, na mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kilitoka Berlin, kimeandikwa kwa Kijerumani. Alifariki Jena mwaka 1924. Habari hizi zatufundisha nini juu ya jamaa iliyoko ugenini? Twaona moja hasa: kwamba mtu mmoja katika nyumba akiwa mkalimani wa wote, nyumba hiyo yasimama juu ya nguzo moja. Leo mkalimani yupo na mambo yaenda vizuri. Akiugua, akisafiri, akifa, wote wawa bubu siku moja.

Basi turudi Ng'ambo ya leo. Hufika kwetu mara kwa mara mtu na mkewe na watoto, kutoka Ulaya au Asia au Marekani, baba au mama akiwa na kazi, na wote wakiwa na haja ya lugha. Tangu miaka ya mwisho ya 1970 kumekuwapo pale Vuga taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni, ile tunayoiita Takiluki, ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na wengi wa wageni hawa wamepitia kwake au kwa mwalimu wa nyumbani. Wako pia wanaotoka Bara, nao hatuwasahau, ingawa shida yao ni nyingine. Kiswahili wanacho, lakini hushangaa kuambiwa tungule badala ya nyanya, mbatata badala ya viazi, skuli badala ya shule, kukoga badala ya kuoga, na hujiona wamechekwa.

Kitu cha kwanza kinachoisumbua jamaa ngeni ni saa. Wao huanza kuhesabu saa usiku wa manane, na sisi twahesabu tangu kupambazuka. Ukimwambia mgeni aje saa nne asubuhi, aweza kuamka gizani akajiuliza ni watu gani hawa. Baada ya wiki moja huelewa kwa akili, lakini kuielewa kwa moyo huchukua miezi, na katika muda huo amekwisha kukosa ibada, kukosa mwalimu na kuchelewa harusini. Mvumilieni. Kitu cha pili ni salamu. Mgeni aliyefundishwa kwamba muda ni mali ataka kuuliza bei ya mkate mara afikapo dukani. Hajui kwamba bila sabalkheri, bila kuulizana hali ya nyumbani na ya watoto, hajafika bado. Na mtoto wake asiyetoa shikamoo huhesabiwa hana adabu, kumbe hana neno.

Halafu kuna jambo ambalo tumeliona katika nyumba nyingi, nalo ni kwamba katika jamaa moja huingia Kiswahili cha namna tatu. Baba atoka darasani na ngeli zake zote zimenyooka, mtu watu, kitu vitu, ua maua, lakini akifika kwa muuza samaki hawezi kuuliza fungu ni kiasi gani. Mama hajapata muda wa darasa, kwa sababu kuna mtoto mgongoni na maji ya kuteka yakikatika, lakini yeye ndiye ajuaye pishi na kibaba, boflo na mkate wa kumimina, na jina la kila mtu mtaani. Mtoto, baada ya miezi sita ya kucheza uchochoroni, asema Kiswahili ambacho wazazi hawakifuati, na kina maneno mengine ambayo ni afadhali wasiyafuate. Watu humsifu baba kwa ufasaha wake kwa kuwa ndiye awezaye kusoma somo kanisani. Sisi twaona mama amejifunza zaidi. Alijifunza amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi na jirani, akakosea kuchuja tui, akaonyeshwa, akaambiwa neno la kifumbu, wala hatalisahau.

Mahali nako kuna maneno. Jamaa iliyopata nyumba ya chini yenye baraza, Miembeni au Kisiwandui, hujifunza upesi kuliko ile iliyopata chumba ghorofa ya juu ya majumba ya Michenzani. Majumba yale marefu yalijengwa wakati wa mpango wa Mzee Karume wa mji mpya, kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, nayo yaliwapa watu wengi maji na umeme, jambo ambalo hatulidharau. Lakini baraza haipandi ngazi. Barazani mgeni hukaa, hanyamazishwi wala halazimishwi kusema, husikia mazungumzo ya bei ya karafuu, mpira, ndoa ya fulani, na masikio yake hufunguka kabla ya kinywa. Mkimjua mgeni aliyeko ghorofani, mwiteni ashuke.

Sasa twafika kwenye jambo zito, ambalo ndilo lililotufanya tuandike somo hili. Watoto hushika lugha mapema, na wazazi huanza kuwatumia. Kwanza ni dukani, na hakuna ubaya. Kisha ni kwa mwenye nyumba, kisha ni ofisini. Mwisho mtoto wa miaka tisa husimama katika chumba cha daktari akiulizwa mama yake anatokwa na nini, tangu lini, na kama ana mimba. Yako maneno ya mwili wa mama ambayo mwanawe hafai kuyabeba. Mtoto huona haya na kupunguza habari, mama huona haya na kuficha nusu, na mganga hutibu ugonjwa mwingine. Isitoshe, mtoto aliyezoea kusema kwa niaba ya wazazi huanza kuwaona wadogo. Akikemewa hujibu kwamba wao hata kusema hawajui. Wazazi wa Kizanzibari walioko Uingereza au Skandinavia wanayajua haya, kwa kuwa yamewapata kinyume chake: watoto wao wasema lugha ya huko kwa ufasaha, na bibi akipiga simu kutoka Ng'ambo hapati mtu wa kuzungumza naye. Tumkumbuke Nehemia, ingawa hatuwashauri wazazi kung'oa watoto nywele kama alivyowang'oa wale watu.

Twasema basi, na hasa kwa Umoja wa Akina Mama: msiliache jambo hili kwa mwalimu wa darasa. Mwalimu hufuata kitabu, na kitabu huanza na kalamu na meza. Mwanamke mgeni ana haja ya kujua mapema maneno ya kizunguzungu, kichefuchefu, kuharisha, homa ya vipindi, uchungu wa kuzaa, na namna tusemavyo kwa adabu kwamba mwanamke yuko katika siku zake, maana katika mambo hayo sisi hatusemi wazi na kamusi haimwambii. Afundishwe na mwanamke mwenzake, faraghani. Na akienda kupima, mmoja wenu amsindikize, mtu mzima mwenye kutunza siri, ili mtoto abaki nje akicheza. Hili halihitaji fedha wala kamati.

Tena liko kosa la wema. Mgeni akianza kusema Kiswahili kwa shida, sisi tunaojua Kiingereza humjibu kwa Kiingereza tukidhani twamrahisishia. Pengine, tuseme kweli, twataka pia kuonyesha kwamba twakijua. Mgeni hushukuru, na siku hiyo amepoteza somo. Akifanyiwa hivyo miaka miwili hubaki mgeni daima, ana rafiki watano wenye elimu na hamjui mtu mwingine mtaani. Mtakatifu Paulo asema katika 1 Wakorintho 14:11 juu ya watu wawili wasioelewana, kwamba kila mmoja huwa mgeni kwa mwenzake, wala si mmoja tu. Mjibuni kwa Kiswahili, polepole, kwa maneno machache, na mkirudia mrudie maneno yale yale, msibadilishe. Watu wengi wakiona hawakueleweka hutafuta maneno mengine magumu zaidi na kuyasema kwa sauti kubwa, kana kwamba mgeni ni kiziwi.

Kucheka nako. Watoto watacheka, hatuwezi kuwazuia wote, na kicheko cha mtoto mara nyingi hakina sumu. Cha mtu mzima ndicho kinachomfunga mgeni kinywa.

Na majirani zetu Waislamu tuwaache wawe walimu, kama walivyokuwa tangu siku za Hamisi wa Kayi na Sheikh Abdul Aziz. Jamaa ngeni ya Kikristo inayokaa Ng'ambo yakaa katikati yao, wala si katikati yetu, kwa kuwa sisi ni wachache. Ni vizuri iambiwe mapema mambo ya mwezi wa Ramadhani: kwamba haifai kula wala kunywa njiani mchana, kwamba jioni jirani aweza kuleta sahani ya futari, na kwamba sahani haiendi kwao tupu. Tumeona urafiki mwingi ulioanza na sahani iliyorudi na maandazi mabaya yaliyopikwa na mgeni asiyejua kupima hamira. Jirani alicheka, akaja kumwonyesha, na somo likawa la saa mbili.

Tumalizie na jamaa moja ya kwetu ambayo haitajwi vya kutosha. Cecil Majaliwa alizaliwa katika Wayao, akatekwa utotoni, akaletwa Unguja, akalelewa na Misheni, akasoma Kiungani. Alipelekwa hata Uingereza, katika Chuo cha Mtakatifu Augustino kule Canterbury. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akatumwa Chitangali, upande wa Newala, katika nchi ya mwenye mji Nakaam, pamoja na mkewe Lucy na watoto wao. Mwaka 1890 akapewa upadre, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa Misheni yetu. Watu humtaja kwa sababu ya upadre huo. Sisi twataka mtazame safari ile. Mume arudi katika nchi ya kabila lake, lakini kama mtu wa pwani, mwenye Kiswahili cha Unguja na Kiingereza cha Canterbury, aliyeondolewa kwao akiwa mtoto. Mke aliyezoea maisha ya Misheni hapa kisiwani, mwenye nyumba za mawe na kengele na dada zake wa skuli, aanza upya kutafuta maji na unga kijijini, na watoto waliokuja naye wajifunza michezo kwa maneno ya Kiyao. Walikuwa Waafrika, walikuwa katika nchi iliyo sehemu ya Tanzania ya leo, nao walikuwa ng'ambo kabisa. Hakuna aliyewawekea darasa. Kitabu kidogo cha Kiyao cha Steere kilikuwapo, lakini kazi ilikuwa ya kukaa na watu.

Kwa wale wanaosoma ukurasa huu pamoja katika vikundi, twapendekeza msome Yeremia 29:4-7, barua kwa watu waliohamishwa, mkatazame ni mambo gani ya nyumbani nabii ayataja: nyumba, bustani, ndoa, watoto. Kisha jadilianeni. Katika mtaa wako yuko nani anayejifunza Kiswahili sasa, na ni nani katika nyumba hiyo ambaye bado hajapata mtu wa kumfundisha? Je, mama wa nyumba hiyo amepata mtu mzima wa kumsindikiza akiugua? Ni lugha gani bibi yako aliisema kabla ya Kiswahili, na ni maneno mangapi ya lugha hiyo unayoyajua? Wazee wa Mbweni waulizwe kwanza, kwa kuwa kati ya nyumba zao huenda bado yakapatikana maneno ya Kinyasa na ya Kiyao yaliyokuja na waliofunguliwa, katika majina ya ukoo, katika nyimbo za kubembelezea watoto, au katika namna ya kupika majani fulani.